Beba Maji, Linda Mgongo

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hivyo mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, na anayeteka maji mara nne kwa siku amenyanyua kilo 80. Mgongo hauumizwi na uzito pekee. Namna ya kunyanyua pia huchangia.

Fuata hatua hizi:

1. Simama karibu na mtungi, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega.
2. Chuchumaa kwa kukunja magoti. Usiiname huku miguu imenyooka.
3. Shika mtungi imara, uvute karibu na mwili, kisha inuka kwa nguvu za miguu.
4. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usipinde kiuno ukiwa na mzigo.

Mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, ni afadhali kuliko mmoja wa lita 20 upande mmoja. Watoto wapewe mitungi midogo. Penye mkokoteni, utumieni.

Mgongo ukiuma, acha mizigo mizito kwa muda, lakini usilale kutwa kitandani. Kutembea polepole husaidia kupona.

Nenda hospitalini mara moja ukihisi ganzi kati ya mapaja, miguu ikikosa nguvu, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo. Dalili hizo hazitibiwi kwa kuchua mgongo nyumbani, na kuchelewa kunaweza kuleta ulemavu wa kudumu.