Kijana Akikosea: Ajute au Aaibike?

Kijana wa miaka 14 ametumwa dukani na shilingi 200 za unga. Pesa zote zimeishia kwenye michezo ya video. Akirudi nyumbani anaweza kuambiwa, "Ulichofanya kitatulaza njaa," au aambiwe, "Wewe ni mwizi, huna maana." Mzazi anaweza kudhani maneno hayo ni mamoja. Sivyo.

Neno la kwanza linalaumu kitendo na kumfanya kijana ajute. La pili linamlaumu yeye mwenyewe, naye anabaki na aibu. Tofauti hii ilichambuliwa na mwanasaikolojia wa Marekani Helen Block Lewis katika kitabu chake cha mwaka wa 1971. Baadaye June Tangney na wenzake, pia wa Marekani, walifuatilia watoto kuanzia darasa la tano hadi walipokaribia utu uzima. Waliokuwa wepesi wa kujutia makosa utotoni hawakuelekea sana kukamatwa na polisi au kutumia dawa za kulevya. Aibu haikuwapa wenzao kinga hiyo.

Sababu yake si ngumu. Anayejuta humfikiria aliyeumizwa, hivyo hutafuta la kurekebisha: kuomba radhi, kurudisha, kusaidia kazi. Aliyeaibishwa hujifikiria yeye na macho yanayomtazama. Hutamani kujificha, na akikosa pa kujificha humtupia mwingine lawama: "Nyinyi ndio hamnipi pesa!" Hapo mlango hubamizwa na mdogo wake hupigwa ngumi. Katika umri huu, ambapo maoni ya wenzake ni kila kitu, kukemewa mbele ya marafiki au gwaride la shule humchoma zaidi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza adhabu za kudhalilisha shuleni, ziwe za mwili au za kisaikolojia.

Wapo watakaouliza kama kijana asiyeaibishwa hatakosa haya. Haya ni kujiheshimu na kuheshimu wengine, nayo haifunzwi kwa matusi.

Mzazi amwite kando hasira zikitulia, amuulize ni nani ameumia na atafanya nini kurekebisha. Malipo yawe ya uwezo wake, kwa mfano kuteka maji wiki nzima. Akimaliza, kosa lisifufuliwe katika kila ugomvi.

Majuto nayo yana mpaka. Wapo vijana wanaojilaumu kwa mambo ambayo si makosa yao, kama vile wazazi kutengana au kifo nyumbani. Hawa waambiwe wazi kwamba hawana hatia.

Kijana akijitenga kwa muda mrefu au akipigana mara kwa mara, mzazi azungumze na mwalimu wa ushauri nasaha, afike katika ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, au apige simu bila malipo kwa nambari 116, mchana au usiku.