Kuendesha, Kudhibiti na Kulinda: Kazi ya Mikroprosesa katika Mtambo wa Kurushia Matangazo ya Redio

1.0 Utangulizi

Mikroprosesa ya kwanza kuuzwa kibiashara, Intel 4004, ilitolewa mwaka 1971. Tangu wakati huo kifaa hiki kimeingia katika mitambo ya redio na kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya fundi wa zamu. Ni rahisi kuieleza kazi hiyo kwa kauli moja, kwamba kompyuta "inaongoza mtambo". Makala hii inadai kuwa kauli hiyo inachanganya dhana tatu: kuendesha, kudhibiti na kulinda. Mchanganyiko huo si kasoro ya lugha tu, kwani unaweza kumfanya msomaji aamini kuwa uhai wa fundi umewekwa mikononi mwa programu. Mfano utakaotumika ni mtambo wa FM wa kilowati 10, ambao hatua yake ya mwisho ya kukuza mawimbi hutumia vali ya elektroni.

2.0 Kuendesha

Kuendesha ni kutekeleza hatua kwa mfuatano usiovunjwa. Kwanza feni huwashwa. Pili, uzi wa ndani ya vali hupashwa joto kwa muda uliowekwa. Tatu, volteji ya juu, yenye maelfu ya volti, huingizwa. Mwisho, mawimbi kutoka hatua ya awali huongezwa kidogo kidogo. Wakati wa kuzima, mfuatano hugeuzwa, na feni huendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa kwa kuwa vali bado ina joto.

Katika hatua hizi amri haihesabiwi kuwa ushahidi. Baada ya kuamuru feni iwake, programu husubiri swichi inayosukumwa na upepo ithibitishe kuwa hewa inapita kweli. Uthibitisho usipopatikana, hatua inayofuata haianzi.

3.0 Kudhibiti

Kudhibiti ni kupima, kulinganisha na kusahihisha. Sampuli ndogo ya mawimbi yanayokwenda kwenye antena hubadilishwa kuwa volteji, kisha kigeuzi huibadilisha volteji hiyo kuwa namba. Kwa kuwa nguvu hulingana na kipeo cha pili cha volteji, programu haina budi kuizidisha namba hiyo kwa yenyewe: volteji ikipungua hadi nusu, nguvu imebaki robo.

Kigeuzi cha biti 8 kina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Ikiwa 255 inawakilisha wati 12,500, basi 228 ni takribani wati 9,993 na 229 ni wati 10,081. Kati ya ngazi hizo mbili kuna wati 88 ambazo programu haiwezi kuzitofautisha. Hivyo, usahihi wa udhibiti hauwezi kuzidi usahihi wa kipimo. Nchini Marekani, kanuni hutaka nguvu ibaki kati ya asilimia 90 na 105 ya ile iliyoidhinishwa, yaani kati ya wati 9,000 na 10,500 kwa mtambo huu. Kwa hiyo ngazi ya wati 88 inatosha, mradi masahihisho yafanywe polepole ili nguvu isiyumbe juu na chini.

4.0 Kulinda

Kebo ya antena ikiingia maji au antena ikiharibika, sehemu ya nguvu hurudi kwenye mtambo. Uwiano wa mawimbi tuli ukiwa 1.5 kwa 1, nguvu inayorudi ni asilimia 4, yaani wati 400. Ukifika 2 kwa 1, ni takribani wati 1,111. Programu inaweza kupunguza nguvu, au kuzima, kusubiri na kujaribu tena mara chache kabla ya kufunga kabisa, kwa kuwa cheche iliyosababishwa na radi mara nyingi huzimika yenyewe.

Hata hivyo, programu hutekeleza kazi zake kwa zamu, na cheche ndani ya vali haisubiri zamu. Kwa sababu hiyo sakiti maalumu hukata volteji ya juu papo hapo, kisha ndipo mikroprosesa hupewa taarifa. Vivyo hivyo, swichi za milango hukata umeme moja kwa moja bila kupitia programu, na kapasita, ambazo hubaki na chaji hata mtambo ukizimwa, huunganishwa na ardhi. Mikroprosesa yenyewe nayo huwekewa mlinzi: kihesabu muda ambacho programu lazima ikirudishe mwanzo kila mara. Programu ikikwama, kihesabu hicho huianzisha upya.

5.0 Hitimisho

Mwaka 1995 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu vituo vya redio kuendeshwa bila mtu kuwepo zamu. Ruhusa hiyo haikuondoa wajibu wa mwenye leseni: kasoro inayoweza kuingilia vituo vingine yapasa kukomeshwa ndani ya dakika 3, na kasoro nyingine ndani ya saa 3. Hivyo basi, mikroprosesa huendesha na hudhibiti, lakini katika kulinda ni mshirika tu. Maelezo ya Kiswahili yanayozitenga dhana hizi tatu yatamwambia fundi jambo la kwanza analopaswa kujua kabla ya kufungua mlango wa mtambo, yaani ni kitu gani hasa kilichokata umeme.