Alama Katika Wimbo: Kazi Isikae Kichwani mwa Mtu Mmoja



Kikundi kimoja cha vijana tunachokitembelea kina kinanda chenye sikwensa, kilichonunuliwa kwa michango ya wote. Hutengeneza muziki wa kwaya na wa harusi, nao hulipwa. Basi yule kijana wa mitambo akapata kazi mjini, akaenda. Nyimbo zote zilibaki ndani ya mashine, lakini hakuna aliyejua shairi la pili laanzia wapi. Wateja wakangoja, wengine wakadai pesa zao. Ndiyo sababu leo tunajifunza kuweka alama.

Sikwensa ni nini?

Ni chombo cha kuandika muziki. Haishiki sauti kama kaseti. Inaweka maagizo: noti gani ipigwe, lini, na kwa nguvu gani. Wimbo huhesabiwa kwa vipimo, na katika nyimbo nyingi kipimo kimoja kina mapigo 4. Alama ni jina fupi linalowekwa mahali fulani katika wimbo, kama jiwe la mpaka shambani. Ukilichagua jina hilo, mashine inaruka moja kwa moja hadi hapo.

Tufanyeje?

1. Sikilizeni wimbo wote pamoja, mkihesabu vipimo.
2. Pelekeni wimbo mwanzo kabisa wa kipimo kinachotakiwa, si katikati.
3. Wekeni alama na kuipa jina ambalo kila mtu ataelewa. Kitufe hutofautiana kati ya mashine na mashine. Someni kitabu chake cha maelezo.
4. Hifadhini wimbo. Mkizima bila kuhifadhi, kazi yaweza kupotea.
5. Andikeni alama zote katika daftari la kikundi.

Mfano wa daftari:

Mwanzo – kipimo cha 1
Kiitikio – kipimo cha 5
Shairi la kwanza – kipimo cha 13
Kiitikio tena – kipimo cha 21

Tahadhari

Msiandike dakika na sekunde peke yake. Wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, kipimo kimoja huchukua sekunde 2, kwa hiyo kipimo cha 21 huanza baada ya sekunde 40. Sasa mwalimu wa kwaya akisema, "Punguzeni mwendo uwe 100," kipimo kimoja huwa sekunde 2.4, na kile cha 21 kitaanza baada ya sekunde 48. Aliyeandika sekunde 40 atajikuta katikati ya shairi! Aliyeandika kipimo cha 21 hapotei.

Wakati wa mazoezi, anzieni kipimo kimoja kabla ya alama, ili waimbaji wavute pumzi na kuushika mwendo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mashine ni ya wote, basi ujuzi nao uwe wa wote. Kila wiki mwanachama mwingine, mama au kijana, akae penye kinanda na kuweka alama za wimbo mmoja mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu?
2. Akiondoka kesho, tutaendeleaje?
3. Nani atatunza daftari, na nani atalikagua?