Nani Afanye Kazi na Nani: Kuchora Darasa kwa Graphviz

Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) au wa Mkwawa, Iringa, akitangaza kazi ya kikundi, CR (kiongozi wa darasa) hupitisha karatasi na wanafunzi hujipanga kirafiki na kihosteli. Waliobaki hurundikwa pamoja, na hapo ndipo mmoja hufanya kazi na wengine huandikwa majina tu. Kugawa kwa alfabeti nako hakujali nani anaelewana na nani.

Afadhali uwaulize, kisha uchore. Kila mwanafunzi ataje watatu anaotaka kufanya nao kazi. Usiulize asiowataka; majibu hayo yakivuja huna pa kujificha. Tumia namba badala ya majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, usidhani ni ya mabenki na kampuni za simu peke yake.

Mchoraji ni Graphviz, programu ya bure iliyoanzia maabara za AT&T, Marekani. Kwenye Ubuntu, fungua tamino (terminal) uandike:

sudo apt install graphviz

Ikishaingia, haili bando tena. Andika faili la maandishi, uliite darasa.dot (hapa ni kipande tu):

digraph darasa {
A01 -> A07;
A01 -> A12;
A07 -> A01;
A15;
}

Kila mshale unatoka kwa anayechagua kwenda kwa anayechaguliwa. Huyo A15 hakuja siku ile na hakuna aliyemtaja. Usipompa mstari wake, hataonekana kabisa pichani. Sasa toa amri:

dot -Tpng darasa.dot -o darasa.png

Darasa likiwa kubwa na mishale ikasongamana, weka sfdp mahali pa dot. Kujua nani katajwa mara ngapi:

grep -o '> A[0-9]*' darasa.dot | sort | uniq -c

Namba isiyotokea kwenye orodha hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1932 wasichana 14 walitoroka shule ya marekebisho ya Hudson, jimbo la New York, ndani ya majuma mawili. Daktari Jacob Moreno alichora nani anavutiwa na nani humo, akadai kuwa utoro ule ulitokana na nyuzi za urafiki zaidi kuliko tabia ya msichana mmoja mmoja. Alifanya kwa mkono. Wewe una kompyuta.

Kwa hiyo, ukipanga vikundi, anza na wasioelekezewa mshale, kila mmoja umweke na mtu ambaye yeye mwenyewe alimtaja. Kama A15 hakutaja mtu, muulize faraghani. Kisha weka pamoja jozi zinazotajana, kama A01 na A07. Ukiona watano wanatajana wao kwa wao tu, wagawe mara mbili hata wakinuna. Mara nyingi ni chumba kimoja cha hosteli. Ubaoni bandika orodha ya vikundi. Picha ibaki kwako, na muhula ukiisha uifute.