Mtoto, Uma na Ile Saa ya Kungoja Chakula

Januari 2014, wazazi wawili waliingia Alinea, mkahawa wa Chicago uliokuwa wakati huo na nyota tatu za Michelin, wakiwa na mtoto wa miezi minane. Mtoto akalia. Mpishi mkuu, Grant Achatz, akaandika Twitter kwamba wateja wengine wamekasirika, na mjadala ukawaka: hawa wakiwalaumu wazazi, wale wakimtetea mtoto. Lakini ilielezwa pia kwamba yaya wao aliwaangusha dakika za mwisho, na pale chakula kilikuwa kikilipiwa kabla, zaidi ya dola 200 kwa kichwa, bila kurudishiwa. Nawaonea huruma hadi leo.

Mtoto wa miezi minane huwezi kumweleza kitu. Wa miaka mitatu au minne ni habari nyingine, na hapo ndipo wazazi wengi wa pwani wanapojidharau bure. Mtoto aliyelelewa kwenye mkeka ana adabu ya chakula tayari: ananawa, anasubiri mkubwa aanze, anakula cha mbele yake, hadokoi nyama upande wa mwenzake. Uma na kisu ni vifaa tu, huvizoea nyumbani kwa viazi vya kuchemsha. Asichokijua ni kungoja. Nyumbani sinia hutua limejaa, watu wakala. Mkahawa wa hadhi huleta sahani moja moja, na katikati kuna ukimya ambao mtu mzima huujaza kwa mazungumzo. Mtoto ataujaza kwa nini?

Nilijifunza kwa aibu. Binti yangu alikuwa na miaka minne, tukaenda hoteli moja ya ufukweni saa mbili usiku, wakati ambao kwa kawaida amekwishalala. Supu ilichukua dakika 40. Akamaliza mkate wa kikapuni, akakikunja kitambaa cha mezani kikawa mwanasesere, akamlaza mwanasesere wake, akambembeleza, kisha naye akataka kulala. Nilipomwinua alipiga ukelele, vichwa vyote vikageuka. Tuliondoka samaki hajafika, na tukamlipia. Kosa lilikuwa langu: saa ile haikuwa yake.

Siku hizi naweka nafasi ya saa kumi na mbili na nusu jioni, jikoni wakiwa bado wana nafasi ya kupumua. Napiga simu mwenyewe, nataja umri wa mtoto, naomba meza ya pembeni karibu na mlango, nauliza kama wana kiti cha mtoto. Wakisita, naenda kwingine bila kinyongo. Kabla ya kutoka anakula ndizi. Tukishaketi, chakula chake naagiza pamoja na vinywaji, si baada yake. Simu simpi: ninataka aonje, anuse, aone sahani zinavyopita. Na tunapongoja, mmoja wetu hutoka naye nje kidogo kabla hajachoka, si baada ya kuanza kulia.

Mahali penyewe pakiweza kumshughulisha, kazi hupungua nusu. Mkahawa wa The Rock, kule Michamvi Pingwe, Unguja, umejengwa juu ya jiwe baharini: maji yakipwa watu huenda kwa miguu, yakijaa huvushwa kwa boti. Mzazi na aulize saa za maji kabla hajauliza menyu.

Jambo jingine binti yangu alilileta mwenyewe, sikumfundisha kwa ajili ya mkahawa. Humwamkia kila mhudumu shikamoo, kama anavyowaamkia majirani. Wengi hucheka wakapita. Jioni moja mhudumu mmoja wa makamo, mkononi ana trei ya glasi, aliiweka kwanza mezani, akainama hadi usawa wa uso wake, ndipo akaitikia: “Marahaba, mwanangu. Leo unakula nini?”