Jaribio la Tisa Katika Namba Kubwa

Wanafunzi wengi hukariri kwamba namba hugawanyika kwa 9 bila baki iwapo jumla ya tarakimu zake hugawanyika kwa 9. Sababu hawaijui, wala hawaelezwi kasoro ya kanuni hiyo. Mwalimu hana budi kuyafundisha yote mawili, hasa katika kanda ya dhahabu na almasi, ambako haki ya mtu mara nyingi hutegemea tarakimu zilizoandikwa daftarini.

Tuchukue namba iliyo karibu na mtoto. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,977,608 katika Mkoa wa Geita.

Hatua ya kwanza: Kusoma namba. Wanafunzi waitaje thamani ya kila tarakimu. Waulize: sifuri ina kazi gani? Ikifutwa, itabaki 297,768, namba isiyofika hata laki tatu.

Hatua ya pili: Sababu ya kanuni. Wagawie vijiti, wavipange tisa tisa. Vijiti 10 hubakiza 1. Vijiti 100 hubakiza 1, kwa kuwa 99 vimepangika. 1,000 hali kadhalika. Basi mia sita hubakiza sita, na kila tarakimu hubakiza kadiri yake yenyewe. Jumla ya tarakimu za namba yetu ni 2 + 9 + 7 + 7 + 6 + 0 + 8 = 39. Gawanya 39 kwa 9, baki ni 3. Namba nzima nayo, ikigawanywa kwa 9, hubakiza 3.

Hatua ya tatu: Kasoro ya jaribio. Andika ubaoni 2,797,608. Jumla ni ileile 39, baki ni lilelile 3. Lakini watu 180,000 wametoweka! Tarakimu 9 na 7 zimepishana, na jaribio halikuliona kosa. Tofauti yenyewe ni 9 × 20,000. Tarakimu mbili zozote zikipishana, tofauti hugawanyika kwa 9. Kwa hiyo mtunza hesabu akikuta tofauti ya namna hiyo, hutafuta kwanza tarakimu zilizopishana.

Zoezi. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na watu 2,241,299 katika sensa hiyo.
(a) Namba hiyo ikigawanywa kwa 9, baki ni ngapi?
(b) Tarakimu 4 na 1 zikipishana, tofauti ni ngapi?
(c) Kwa nini kupishana kwa tarakimu mbili za mwisho hakuleti kosa?

Majibu: (a) 2. (b) 27,000, yaani 9 × 3,000. (c) Zote mbili ni 9.

Mwalimu akumbuke: jaribio likikataa, kosa lipo kwa hakika, likikubali, bado haijathibitika kwamba kazi ni sahihi. Asiweke alama ya vema kabla ya kusoma tarakimu moja moja.