"Run out" siyo kukimbia nje: Kingereza cha inboksi kilichonilia 480,000

Leo naomba tuweke pembeni mambo ya picha na matangazo, tuongelee Kingereza. Usiondoke kwanza. Siyo kile cha darasani cha kujaza nafasi zilizo wazi. Ni kile kinachoingia kwenye simu yako saa tatu usiku kutoka kwa muuzaji wa China, au mteja wa Nairobi, au mgeni aliyeona viatu vyako Instagram, halafu unajibu "okay" huku hujaelewa kitu.

Mimi nimeishia kidato cha nne na Kingereza nilipata D, kwa hiyo hapa haongei mwalimu. Mwalimu wangu mimi alikuwa hasara.

Mwaka wangu wa kwanza kuuza mikoba niliagiza mikoba 30 myeusi, nikauzie sikukuu za Desemba. Kabla sijalipa, muuzaji akaniandikia hivi: "We have run out of black. Please hold off on payment. We will get back to you on Monday."

Nikasoma neno moja moja kama tulivyozoea. Run ni kukimbia, nikasema ahaa, nyeusi zinakimbia, mzigo unatoka haraka. Hold ni kushika, payment ni malipo, basi anataka nishikilie mzigo kwa kulipa. Back ni kurudi, Jumatatu utanirudia mzigo wangu. Nikajiona mjanja, nikalipa usiku huohuo, 480,000.

Alichosema yeye ni hiki: "Nyeusi zimetuishia. Usilipe kwanza. Jumatatu tutakujulisha." Yaani mtu ananizuia nisitume hela, na mimi natuma! Hela ikawa kwake, nyeusi mpaka wiki sita, na Desemba inakuja. Nikachukua za njano. Mpaka leo ninazo saba, anayetaka aje tuongee.

Tatizo ni kwamba tunatafsiri kitenzi na kuliruka lile neno dogo linalokifuata, wakati hilo dogo ndilo linabeba biashara. Lakini hata sisi tunalo jambo kama hilo. Lipa, lipia, lipisha, lipana. Mzizi ni mmoja, ila ukichanganya "nimelipa" na "nimelipisha" mtagombana. Sisi tunageuza maana kwenye mkia wa neno, wao wanabandika neno dogo baada ya kitenzi: up, off, out, back, in. Ila mikia yetu unaweza kuikisia, yao mara nyingi haikisiki. Kwa hiyo usikariri "run" peke yake. Kariri "run out of" kama neno moja, tena ndani ya sentensi nzima.

Hiyo "run out of" ina kajambo kake. Ukianza na mtu, weka of: "We have run out of size 40." Ukianza na kitu chenyewe, of inaondoka: "Size 40 has run out." Zote maana yake saizi 40 imekwisha. Na ikiwa bado kidogo, useme "We are running out of size 40." Hii ya mwisho iweke kwenye tangazo, inamharakisha mteja bila kumdanganya, ili mradi kweli zimebaki chache.

Tuje kwenye bei, hapa ndipo watu wanachekesha. Mteja akikuandikia "Can you come down a bit?" hajasema ushuke ngazi umfuate. Anaomba upunguze. Akisema "Can you knock something off the price?" ni hilohilo, punguza chochote. Sasa sikiliza. Kuna siku mteja aliniuliza, "Is this a knock-off?" Mimi nikaona knock off, nikajua ni punguzo, nikamjibu kwa furaha "Yes dear, for you!" Hakurudi tena. Knock-off yenye kistari ni jina, maana yake ni bidhaa feki, ya kuiga. Nilimthibitishia kwa mdomo wangu kwamba nauza feki, na nikamwambia ni kwa ajili yake.

Nyingine ya bei ni "Will you throw in the belt?" Usiogope, hakuna kinachotupwa. Anaomba mkanda uwe nyongeza, bure. Ukikubali, jibu: "If you take two dresses, I will throw in a belt." Hiyo sentensi imeniuzia magauni mengi kuliko punguzo lolote. Na ukisikia "That's a rip-off", hapo ameshakasirika, anasema unamwibia kwa bei.

Kwenye kupeleka mzigo, mbili zinatosha kuanzia. "Pick up" ni kufuata na kuchukua, "drop off" ni kupeleka na kuacha. "I will pick it up from your shop" anakuja mwenyewe. "Can you drop it off at my office?" hapo tafuta bodaboda, na mkubaliane mapema nani analipa. Na bodaboda asipotokea, mteja atakwambia "The rider didn't turn up." Turn up ni kutokea, kufika.

Angalia pia hiyo "it" imekaa wapi. Unasema "pick it up", husemi "pick up it". Kitu kikitajwa kwa jina, pande zote sawa: "pick up the bag" au "pick the bag up". Kikiwa it au them, lazima kikae katikati. Ila usiikatekate "run out of", yenyewe haipasuliwi: "We have run out of them", basi.

Pesa sasa, na hapa tuwe makini. "I have paid for it" ameshalipia hicho kitu, lakini angalia kwanza simu yako kama hela imeingia. "I will pay you back" atakurudishia ulichomkopesha. "I will pay it off in two months" atalimaliza deni ndani ya miezi miwili. Lakini usije ukamwandikia mteja "Pay up." Sisi tukiisoma tunaona kama "lipa" tu, kumbe ina ukali, ni kama kumwambia "toa hela yangu" mbele za watu. Kama unamkumbusha, andika: "Hello, I am following up on your order." Follow up ni kufuatilia, na ni ya heshima.

Na usipoelewa, uliza kabla ya kutuma hata shilingi. Siku hizi muuzaji akiniandikia kitu kina off au out, namrudishia kwa maneno mepesi: "You mean I should not pay now?" Inachukua dakika moja. Hakuna aliyewahi kunicheka, na hata akicheka yuko China.

Zoezi. Mteja amekuandikia hivi kuhusu gauni la 45,000 ambalo hajalipia, na limebaki moja tu:

"I was going to pick it up today but something came up. Can we put it off till Friday? Please put it aside for me. I won't back out."

Kuna maneno ya pamoja matano hapo, na put imetokea mara mbili kwa maana mbili tofauti. Niandikie anachoomba kwa Kiswahili, halafu uniambie na wewe ungemjibuje. Ungelihifadhi mpaka Ijumaa bila hela ya kutanguliza? Majibu nayapitia kesho jioni nikishafunga duka.